Sheria ya Na

Iko nchi moja ambayo sina ruhusa ya kuitaja, na hata ningekuwa nayo nisingeitaja, kwa kuwa wasomaji wangu ni watu wenye akili na mimi ni mtu mwenye watoto. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Elimu na Fahari, ambako nimeajiriwa kwa miaka kumi na saba katika Kitengo cha Ufafanuzi. Kazi yetu ni nyepesi kueleza. Waziri akishasema, sisi tunaeleza alichosema. Siku akisema jambo lenye maana tutakaa bure, lakini mpaka leo sijapata kukaa bure.

Mkasa huu ulianzia kwenye kitufe. Kompyuta ya Bohari Kuu ilikuwa imekufa kitufe cha sifuri, na fundi alikuwa ameahidi kuja Jumatatu, bila kusema ya mwaka gani. Karani wa Bohari alitakiwa kutoa taarifa ya madawati yote yaliyotengenezwa nchini. Akazunguka, akahesabu vizuri, akapata 40,003. Alipoichapa ikatoka 43. Kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu aliona haya kupeleka 43, akaandika kwa maneno: "Madawati elfu arobaini na tatu."

Wewe msomaji umekulia katika lugha hii, kwa hiyo mtego umekwisha kuuona. Ni elfu arobaini, halafu na tatu? Au ni elfu, mara arobaini na tatu? Wanawake wa sokoni hawanasi hapo. Anayetaka kusema 43,000 atakwambia "arobaini na tatu elfu", na mambo yanakwisha. Lakini katika Wizara yetu hakuna mtu anayekwenda sokoni. Sisi huletewa.

Mwandishi wa hotuba akageuza maneno kuwa 43,000, mabango yakapakwa rangi, na Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Mapambo, akasimama uwanjani. Huyu ni msomi mkubwa. Uprofesa wake alipewa na chuo alichokifungua mwenyewe: asubuhi alikata utepe, alasiri akavishwa joho.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumetengeneza madawati arobaini na tatu elfu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nawaambia, likisemwa na Serikali, lilikwisha kuja zamani."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wameketi chini.

* * *

Wiki iliyofuata afisa wa usambazaji aligundua kwamba madawati 2,997 hayaonekani. Alikuwa kijana mpya, hajazoea, akaandika barua. Barua ikapanda ngazi zote mpaka juu, kisha ikateremka mpaka kwetu ikiwa na neno moja la wino mwekundu: "Fafanueni."

Tulikaa siku tatu. Kukiri kosa hatukuweza, kwa kuwa Wizara haina faili la makosa. Kutengeneza madawati mengine hatukuweza, kwa kuwa mbao zilikuwa zimekwisha kwa kujenga jukwaa la Waziri. Siku ya nne mkuu wa kitengo alikuja kazini na macho mekundu na karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Sheria ya Na. Naikumbuka kwa moyo, maana niliiandika kwa mwandiko wangu:

"Katika kila namba inayotamkwa kwa kuanza na neno elfu, tarakimu inayofuata neno 'na' itakaa kwenye nafasi ya maelfu ikiwa kinachohesabiwa ni jambo jema kwa Taifa, na itakaa kwenye nafasi ya mamoja ikiwa kinachohesabiwa ni jambo baya."

Bunge liliipitisha kabla chai haijapoa. Faida zake zilionekana papo hapo. Visima elfu kumi na nane vilivyochimbwa vikawa 18,000. Visima elfu kumi na nane vilivyokauka, vile vile kwa majina na mahali, vikawa 10,008, na kwa hiyo kila mtu aliona kwamba nchi ina maji. Wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa maelfu katika alasiri moja bila kununuliwa hata kidonge. Nimefanya kazi serikalini muda mrefu, lakini sijaona dawa nyingine yenye nguvu namna ile.

Ili sheria isivunjwe kwa bahati mbaya, ofisi zote zilikatazwa kuandika namba kwa tarakimu kabla Waziri hajaamua kama jambo lenyewe ni jema au baya. Kuiandika namba ya upande mwingine, ile ambayo sheria imeikataa, likawa kosa la jinai. Na kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi, sheria ikapelekwa Darasa la Nne, mahali ambapo watoto wa nchi yetu hufundishwa namba nzima kubwa na thamani ya nafasi. Kitabu kipya kilifunguka kwa maneno haya: "Mtoto, kabla hujaandika namba, jiulize kwanza: je, Serikali inaifurahia?"

* * *

Shule ya Msingi Tegamaji iko mwisho wa barabara ya lami, yaani kilomita thelathini kutoka pale lami inapoishia. Darasa la Nne lina watoto sitini na wawili, na wote hukaa sakafuni, kwa sababu madawati yao ni miongoni mwa yale 2,997. Mwalimu wao anaitwa Stamili. Ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini, na ana kasoro moja tu inayojulikana. Anajua hesabu.

Kwa kuwa shule haikuwa na abakasi wala chati, alichora vyumba vitano uwanjani kwa kijiti, akiviita kutoka kulia: mamoja, makumi, mamia, maelfu, makumi elfu. Watoto ndio waliokuwa tarakimu. Kila mmoja alishika kipande cha boksi chenye namba yake, akasimama chumbani.

"Tarakimu ni kama mtu," aliwaambia. "Mtu akikaa jikoni anapika, akikaa langoni analinda. Mtu ni yule yule, ila nafasi ndiyo inampa kazi. Na chumba kisicho na mtu lazima tukiwekee sifuri. Asipokuwepo wa kukishika, nyumba nzima inasogea."

Aliyeshika namba tatu alikuwa binti wa miaka kumi ambaye jina lake pia ni Tatu, kwa kuwa ni mtoto wa tatu kwa mama yake. Mama alikwisha kufariki, na Tatu analelewa na bibi yake, Bi Siwatu. Makubaliano ya nyumbani yalikuwa wazi. Akifaulu mtihani wa Darasa la Nne, ataendelea na shule. Akifeli, mjomba wake atamchukua akaamie ndege, awafukuze kutwa kwenye mashamba ya mpunga, msimu hadi msimu, mpaka apate mume. Katika nchi yetu anayefeli harudii darasa, maana kurudia ni kukiri kwamba mara ya kwanza palikuwa na tatizo. Mjomba alikwisha kumsukia kombeo.

Waziri alikuja Tegamaji na magari kumi na moja kutazama Somo la Mfano. Maagizo yalikuwa yametangulia: somo lihusu mafanikio ya madawati elfu arobaini na tatu. Mwalimu Stamili akawapanga watoto watano. Nne akasimama kwenye makumi elfu, sifuri tatu zikafuata, na Tatu akasimama mwisho kabisa kulia. Profesa Mapambo aliwatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha yake iliyopigwa vibaya.

"Huyu wa mwisho ndiye nani?"

"Ni tatu, Mheshimiwa. Na jina lake pia ni Tatu."

"Mbona mmemweka mkiani?"

"Si mkiani, Mheshimiwa. Hicho ni chumba cha mamoja. Tuliletewa elfu arobaini, na tatu."

"Mliletewa arobaini na tatu elfu." Waziri akageukia kamera. "Hili ndilo tatizo la walimu wetu, ndugu wananchi. Taifa linawapa maendeleo, wao wanayasimamisha mkiani. Binti, njoo huku mbele. Simama na wakubwa."

Tatu akamtazama mwalimu wake, kisha akatoka chumba cha mamoja akaingia cha maelfu. Mtoto aliyekuwa amesimama pale na sifuri yake akapelekwa mwisho. Wapambe wakapiga makofi, na mmoja akafuta machozi.

"Mnaona?" alisema Waziri. "Bila mbao, bila misumari. Ni fikra tu."

"Mheshimiwa," alisema Mwalimu Stamili, "watoto walikuwa watano na bado ni watano. Huyu amehama chumba, hajazaa dawati."

 Nilikuwepo na daftari langu, na nakiri kwamba niliandika "mwalimu alishukuru".

"Mwalimu, umesoma mpaka wapi?" aliuliza Waziri.

"Nina cheti cha ualimu, Mheshimiwa."

"Basi nakusamehe. Ukifika juu utayaona mambo kwa ujumla."

Magari kumi na moja yakaondoka, vumbi likatulia. Tatu alikuwa bado amesimama kwenye maelfu na boksi lake kifuani.

"Mwalimu, nirudi?"

"Rudi, mwanangu," alisema Mwalimu Stamili, na akamshika mkono kumrudisha.

* * *

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, Wizara ilitangaza kwamba swali la kwanza litakuwa Swali la Kizalendo, nalo litapima Sheria ya Na. Atakayelikosa atahesabiwa amekosa mtihani mzima, hata akipata mengine yote. Mwalimu Mkuu wa Tegamaji, Bwana Chande, ambaye alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu na alihesabu kila siku yake kwa usahihi mkubwa, alimwita Mwalimu Stamili ofisini.

"Dada yangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Wafundishe kama kitabu kinavyosema. Jema, maelfu. Baya, mamoja. Lina ugumu gani?"

"Niwaambie namba inategemea nani anaisikiliza?"

"Waambie hivyo, wafaulu, halafu mwakani uwaambie ukweli."

"Mwakani watakuwa wamekwisha kuzoea, Mwalimu Mkuu."

Bwana Chande akatazama kalenda yake.

Jumamosi yake Bi Siwatu alikuja na kikapu cha mihogo, akakaa kizingitini kwa Mwalimu Stamili. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali alitoa lililomleta.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Ila nasikia siku hizi mna hesabu mbili, ya Serikali na ya kweli. Basi huyu mjukuu wangu, nakuomba, mfundishe ile ya kufaulia."

"Bibi, ile ya kufaulia haifundishiki. Inategemea Waziri ameamkaje siku hiyo."

"Na hii yako?"

"Hii yangu haibadiliki. Lakini sijui kama itamfaulisha."

Bi Siwatu akapangusa mihogo ambayo haikuwa na vumbi. "Mjomba wake anakuja baada ya matokeo," alisema. "Mimi ni mzee, mwalimu. Siwezi kumzuia mwanamume kwa maneno."

Mwalimu Stamili alikuja kuniambia baadaye kwamba siku ile aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake, na kwamba usiku ule nusura abadilishe. Jumatatu aliingia darasani, akatazama watoto sitini na wawili sakafuni, na akaona kwamba hawezi. "Mkikuta elfu imetangulia," aliwaambia, "kinachokuja baada ya 'na' ni mamoja. Serikali ikitaka maelfu, iseme maelfu. Maneno hayana uhaba." Alichagua njia moja, akasimama nayo, na nadhani alikuwa mtu pekee nchini aliyekuwa amesimama mahali.

* * *

Mtihani ulifanyika kwa shangwe. Watoto 121,000 waliingia vyumbani siku moja, na Serikali ilijivunia idadi hiyo kiasi cha kuichapa kwenye fulana. Mtukufu Rais mwenyewe alivaa moja, namba ikamkaa vizuri juu ya tumbo.

Swali la Kizalendo lilikuwa hili: "Nchini mwetu kuna nyani elfu sabini na tano. Andika namba hiyo kwa tarakimu."

Ndipo taifa lilipogundua kwamba halijawahi kukubaliana kuhusu nyani. Watoto wa wakulima, ambao nyani huwalia mahindi yao kabla hayajakomaa, hawakuwa na shaka hata kidogo. Waliandika 70,005. Watoto wa mjini, ambao wamemwona nyani kwenye kalenda tu, waliandika 75,000. Mtoto mmoja aliandika, "Inategemea wako shambani kwa nani." Alipewa sifuri, na mimi naamini ndiye peke yake aliyeielewa sheria. Darasa zima la Tegamaji liliandika 70,005, kwa mwandiko safi, Tatu akiwa wa kwanza kumaliza.

Jibu sahihi lilitolewa na Wizara ya Utalii: nyani ni hazina. Lilikuwa ni 75,000.

Matokeo yalisomwa redioni na Profesa Mapambo mwenyewe. Mezani aliwekewa karatasi yenye maneno matupu, kama sheria inavyotaka. Waliofaulu walikuwa elfu thelathini na tano. Kufaulu ni jambo jema, kwa hiyo akasoma 35,000. Waliofeli walikuwa elfu themanini na sita. Kufeli ni jambo baya, kwa hiyo akasoma 80,006. Kisha akatoa pongezi kwa wote, akapigiwa wimbo.

Tegamaji walifeli wote sitini na wawili. Jioni ile Bi Siwatu alianza kufua nguo za Tatu za safari. Mwalimu Stamili aliketi na redio mapajani, na kwa mazoea tu, kama vile mwingine anavyotafuna kijiti, akajumlisha 35,000 na 80,006.

* * *

Alisafiri siku mbili kufika wizarani, na majina sitini na mawili ndani ya daftari la shule. Mapokezi walimuuliza ana miadi na nani.

"Sina miadi. Nina swali la hesabu."

Neno hilo lilimpandisha ghorofa zote sita, kwa kuwa kila aliyelisikia alimpeleka kwa mwingine haraka. Mwishowe aliletwa kwetu. Mkuu wangu alipolisikia swali lenyewe aliugua ghafla akaenda nyumbani, nami nikampeleka mwalimu mbele ya Kamati ya Dharura. Waziri alikuwa ng'ambo akipokea tuzo ya takwimu. Kiti kilishikwa na Katibu Mkuu, Bwana Lugongo, mwenye sauti nzito na kalamu nne mfukoni, na pembeni yake waliketi wajumbe saba. Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tunavyosema wizarani tunapotaka lisijulikane ni nani aliyeliharibu.

"Mwalimu, una malalamiko?"

"Sina, Katibu Mkuu. Nina kujumlisha. Fulana zimeandikwa watoto 121,000. Redio imesema waliofaulu ni 35,000 na waliofeli ni 80,006. Ukiziweka pamoja unapata 115,006, haifiki. Wapo watoto waliofanya mtihani, hawakufaulu, wala hawakufeli. Naomba kujua ni akina nani, kwa sababu nadhani wengine ni wangu."

Bwana Lugongo aliagiza maji. Mjumbe wa kwanza alisema labda hao wamekufa. Wa pili akamkumbusha kwamba kufa ni jambo baya, kwa hiyo hata wakifa watapungua, na hesabu bado haitatimia. Wa tatu akasema huenda fulana zimekosewa. Nikamnong'oneza jinsi Mtukufu alivyovaa ile fulana, naye akaomba kauli yake ifutwe.

"Au labda waliofeli ni wengi kuliko..." alianza mjumbe kijana kuliko wote. Wenzake walimtazama mpaka akainama. Namba aliyotaka kuitaja ilikuwa ya jinai.

Bwana Lugongo akakohoa. "Kwa hiyo msimamo wa Serikali ni upi? Serikali imesema waliofeli ni 80,006. Asiyekuwemo humo hakufeli. Ambaye hakufeli anaendelea Darasa la Tano. Wapewe barua. Majina ya mwalimu yawe ya kwanza kwa kuwa yako tayari, wengine wafuate wilaya kwa wilaya mpaka barua ziishe. Kuna anayepinga?"

Kupinga kulihitaji hesabu, kwa hiyo hakuna aliyepinga.

"Zichapwe barua ngapi?"

 Mkurugenzi wa Takwimu, mmoja wa wale wajumbe saba, alivuta karatasi, akaandika 121,000, chini yake akaandika 115,006, akapiga mstari kwa rula. Sifuri toa sita, haiwezekani. Akaenda kukopa kwa jirani, jirani naye sifuri. Akaenda kwa jirani wa jirani, naye sifuri. Akafuta jasho.

"Wizara haiwezi kwenda kukopa kwa maskini," alisema, na akaweka kalamu chini.

Karatasi ilizunguka meza nzima, na kila mjumbe aliitazama kwa heshima akaisukuma mbele. Ilipomfikia Mwalimu Stamili hakumaliza hata dakika. Aliandika 5994. Mkato hakuweka, kwa kuwa ofisi zetu haziutumii. Mkato ni alama ya kusita, na Serikali haisiti. Bwana Lugongo akaisoma kwa sauti, moja moja, kama mtu anayesoma namba ya gari: "Tano. Tisa. Tisa. Nne. Vizuri. Iandike safi kwenye fomu ya mpiga chapa, nigonge muhuri."

Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni kwake nikiandika kumbukumbu za kikao. Niliona kila kitu. Aliandika tano, tisa, tisa, nne. Watoto wake sitini na wawili walikuwa wamekwisha kupona, na Tatu alikuwa kwenye mstari wa kumi na moja wa daftari lile. Angeweza kufunga kalamu akaenda zake. Hakuifunga. Macho yake yalikuwa kwenye ile karatasi ya hesabu, na nadhani alikuwa anawaona wale watoto wengine wote waliofeli, wa mahindi na wa nyani. Kisha, taratibu, kwa mwandiko wa ubaoni, akaongeza duara moja mwishoni.

Bwana Lugongo aliinua fomu, akakunja uso.

"Mwalimu, hapa mwisho pana kitu ambacho hakikuwepo."

"Ni sifuri, Katibu Mkuu."

"Sifuri ni kiasi gani?"

"Sifuri ni sifuri."

"Ah." Kifua kikamshuka. "Basi si kitu. Nilidhani umeongeza namba." Na akagonga muhuri wa Taifa.

Kazi yangu ni kufafanua ninapoulizwa. Hakuna aliyeniuliza.

Tulipokuwa tunateremka ngazi nilimuuliza kwa nini hakuandika ile kubwa yote, ya waliofeli kweli, akamaliza. Alinijibu kwamba ile ni jinai, na kwamba tarakimu nyingine yoyote wangeiona. Sifuri peke yake ndiyo inayoingia wizarani bila kuulizwa kitambulisho. Na kuongeza ya pili alishindwa, kwa sababu barua zingepita idadi ya watoto wote waliofanya mtihani, na mpiga chapa si mtumishi wa Wizara, angegundua.

* * *

Barua 59,940 zilichapwa na kusambazwa. Tatu alipata yake kabla mjomba hajafika, Bi Siwatu akaifunga kwenye pindo la khanga na kumpokea mgeni wake kwa uji na maneno machache. Watoto sitini na wawili wa Tegamaji waliingia Darasa la Tano, wakakaa sakafuni. Wilaya kwa wilaya, kwa mpangilio wa alfabeti, watoto waliitwa barazani wakakabidhiwa, na barua zikaishia katikati ya wilaya za herufi S.

Wizara ilifanya tafrija. Kwa maelezo yetu kila asiyefeli alikuwa amepata barua, na Profesa Mapambo, aliporudi na tuzo yake, alisema zoezi limekamilika bila salio. Nami nilitumwa Tegamaji kumpelekea Mwalimu Stamili cheti cha shukrani, ambacho jina lake lilikuwa limekosewa.

Nilimkuta uwanjani na Darasa la Nne jipya, kijiti mkononi, anachora vyumba. Nikampa cheti, nikampa hongera. Kwa dhati kabisa nilimwambia kwamba hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kuokoa watoto wengi kiasi kile kwa duara moja, na kwamba anastahili kufurahi.

Alikitazama cheti, akakikunja.

"Wamebaki ishirini na sita elfu na sitini," alisema.

 Katika nchi nzima yeye peke yake alijua kutoa, kwa hiyo yeye peke yake alijua waliobaki bila barua. Na alikuwa ameitamka namba ile kwa mpangilio ambao hata Wizara yetu isingeweza kumhamisha humo hata mtoto mmoja.